Pishi ya Zakatul-Fitri ni Kilo Ngapi?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu mwanafunzi, Ramadhani inapokaribia kumalizika, swali hili huulizwa katika kila nyumba. Katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.) tunasoma kuwa Mtume (S.A.W.) alifaradhisha pishi moja ya tende au ya shayiri kwa kila Muislamu, mdogo na mkubwa. Pishi (swaa) ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Pishi moja ni vibaba vinne, na kibaba kimoja (mudi) ni chakula kinachojaa katika viganja viwili vya mtu wa wastani.

Kilo ni uzito. Ujazo mmoja hauna uzito mmoja kwa kila kitu. Muulize mama anayepika maandazi: kikombe cha sukari hufika takriban gramu 200, lakini kikombe hicho hicho cha unga wa ngano ni gramu 130 hivi. Sukari ni nzito, na unga una hewa nyingi ndani yake.

Wanachuoni wametofautiana kuhusu ukubwa wa pishi. Imepokewa kuwa Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alipokutana na Imam Malik mjini Madina aliletewa pishi walizorithi watu kutoka kwa wazee wao. Alipozipima akaziona zinalingana, akaiacha kauli yake ya mwanzo. Wa zama zetu wengi huikadiria pishi kuwa baina ya lita 2 na nusu na lita 3.

Sasa tufanye hesabu. Chukua chupa kavu ya lita 1, ijaze mchele, kisha upime mchele huo kwenye mizani ya dukani. Utapata takriban gramu 820. Zidisha mara 3:

820 x 3 = gramu 2,460

Hiyo ni karibu kilo 2 na nusu, kiasi ambacho wengi kwetu hukitoa kwa tahadhari. Nyumba ya watu 7 itatoa kilo 17 na nusu.

Lakini usiichukue hesabu ya mchele ukaitumia kwa kila chakula. Lita 1 ya punje za mahindi ni takriban gramu 720, hivyo lita 3 ni kilo 2 na gramu 160. Kila chakula kina hesabu yake. Ama unga, katika madhehebu ya Shafii hautoshelezi; hutolewa nafaka yenyewe.

Basi wapimieni wazazi wenu mapema. Zaka hii hutolewa kabla ya Swala ya Idi, na pishi ikipungua, anayepunjwa ni maskini.

Allah atutakabalie. Aamin.