Kabla ya Kununua Shokapu: Hesabu ya Likoni, Kisauni na Changamwe

Mtu akiuliza ni shokapu gani nzuri kwa Boxer, hajibiwi kabla ya kuulizwa: wewe unabebea wapi? Anayeshinda steji ya feri pale Likoni akipeleka watu Mtongwe na Shika Adabu hana shida moja na anayetoka Bombolulu kuingia Mwandoni. Wala hao wawili hawafanani na yule wa Changamwe anayepishana na matrela kutwa. Lakini dukani wote watatu huuziwa kitu kimoja: jozi ya rangi kali, springi nene, na maneno kwamba hii ni hevi, haifi. Huenda kweli isife. Mgongo wako ndio utakaotangulia.

Pikipiki nyingi za biashara huku kwetu ni Bajaj Boxer na TVS HLX, na zote mbili zimeundwa kwa mtindo ule ule wa zamani: mbele foki mbili zenye springi na oili ndani, nyuma shokapu mbili, moja kila upande. Shokapu za nyuma za Boxer zina springi mbili, moja ndani ya nyingine, ili pikipiki ikipata shimo dogo isiwe sawa na ikipata tuta. Si mpango mbaya. Ila umepigiwa hesabu ya dereva na abiria mmoja, ambayo ndiyo hesabu inayokubaliwa na Sheria ya Trafiki pia. Anayepiga mshikaki wa abiria watatu, au anayepanga mitungi sita ya maji ya lita 20, yaani kilo 120 kabla yeye mwenyewe hajakaa, yuko nje ya hesabu hiyo, na hakuna shokapu ya dukani itakayomrudisha ndani.

Bei nitakazotaja ni za kukadiria, za kukusaidia kulinganisha tu. Magongo na Kongowea hawauzi bei moja, na hata duka moja hubadilisha bei kulingana na sura ya mnunuzi.

Anza na kitu kisicholipiwa. Tairi ndiyo inayokutana na shimo kabla shokapu haijapata habari, na tairi nyingi za boda hujazwa kupita kiasi, kwa hofu ya pancha na kwa imani kwamba tairi ngumu inakula petroli kidogo. Boxer hutaka presha ya karibu 25 mbele. Nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Kijana wa kompresa asiye na geji atakutia 40 bila nia mbaya, na kuanzia hapo kila kokoto utaihesabu. Geji ndogo ya mfukoni ni shilingi mia chache. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi, kwa sababu jua la saa nane na joto la lami huipandisha presha na kukudanganya. Nimewahi kumwona mtu aliyekwisha toa pesa ya shokapu mpya akilalamika kwamba hazina tofauti na za zamani. Tairi zake zilikuwa zimevimba hata katikati pake ndipo palipolika peke yake.

Cha pili ni kiti. Sponji ya kiwandani ikishalala, unakaa juu ya bati. Fundi wa viti atakufungulia, aweke sponji ngumu chini na laini juu, avalishe ngozi mpya, na ukitoa Sh 1,000 hadi 1,500 umemaliza. Kwa anayekaa juu ya pikipiki saa kumi kwa siku sioni pesa inayorudi haraka kuliko hii. Usikubali tu kiti kiinuliwe sana nyuma. Abiria akikaa juu mno, uzito wote unapanda, na pikipiki inakuwa nzito kuigeuza kwenye mchanga.

Sasa foki za mbele, ambazo watu huzisahau mpaka zimwage oili. Hapa pwani adui yao ni chumvi. Upepo wa bahari hutia kutu kwenye ule mwamba unaong'aa wa foki, kutu inachimba vishimo vidogo, vishimo vinachana sili, na oili inaanza kuteremka. Ikiwa pikipiki yako ina breki ya diski mbele, oili hiyo ina safari fupi tu kufika kwenye breki, na hapo habari ya starehe imekwisha, inabaki ya usalama. Jozi ya sili ni mia chache, na pamoja na oili na ufundi kazi nzima haipaswi kuvuka Sh 1,500 au 2,000 hivi. Kinachoharibu ni oili yenyewe. Mafundi wengine humimina oili ya injini iliyobaki kwenye kopo, nzito ile ya 20W-50, na foki inakuwa ngumu kushuka na nzito kurudi: ukipita matuta matatu ya kufuatana, la tatu unalipata foki bado imelala. Taka oili ya foki yenyewe. Ukiikosa, oili ya gia za otomatiki iko karibu zaidi na inayotakiwa kuliko ya injini. Na kipimo kiwe kimoja kulia na kushoto, kwa mujibu wa kitabu cha pikipiki. Kukisia kwa macho hakufai. Kama mwamba umeshachimbika, sili mpya ni pesa ya kutupa. Itapasuka tena kabla mvua za masika hazijaisha.

Vijana wengi hufunga vipande vya tyubu kuukuu juu ya foki kuzuia mchanga. Wazo zuri, likifungwa vizuri. Likifungwa vibaya linakusanya maji ya chumvi na kuyaweka pale pale usipoyataka.

Kabla ya kufika nyuma kuna jambo moja la mwisho la bei ndogo: bushi za mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, shika tairi, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, au likitoa mlio, shokapu mpya haitaondoa ule mtikisiko.

Haya, shokapu. Uchaguzi dukani ni wa aina nne, na mmoja wapo nauondoa mapema: zile za mtumba au zilizofufuliwa, ambazo mtu amezifungua, akazitia oili na kuzichomelea. Sh 800 au 1,000 zitakutoa leo, lakini mchomeleo wa pale juu ukiachia ukiwa na abiria hutakuwa na mtu wa kumdai.

Zinabaki tatu. Za kawaida zisizo na jina, Sh 2,000 hadi 3,000 kwa jozi. Za kampuni yenyewe, zilizotengenezwa kwa Boxer au HLX, ambazo kwa kawaida huenda maradufu ya hizo. Na zile za chupa, zenye kopo dogo la gesi pembeni, ambazo huanzia kwenye bei ya za kampuni na kupanda mpaka mtu anashika kichwa. Chupa ya kweli ina kazi: gesi yenye mgandamizo huzuia oili isitoe povu inapopata joto, kwa hiyo shokapu haichoki baada ya kilomita nyingi za mashimo. Lakini kwenye nyingi za bei ya chini chupa ni pambo, haina kitu ndani wala haikuunganishwa na chochote. Na hata iliyo ya kweli haina mengi ya kumfanyia mtu anayekwenda mwendo wa 30 kutoka steji hadi Utange. Kwa kazi ya boda mjini, mimi pesa ya chupa nisingeitoa.

Kati ya hizo mbili zilizobaki, usitazame bei, tazama mwezi. Tuseme jozi ya kawaida ni Sh 2,500, ufundi 300, nayo ikafa baada ya miezi mitano: umelipa 560 kwa mwezi. Tuseme ya kampuni ni 5,500, ufundi ule ule, ikadumu miezi kumi na minne: ni kama 414 kwa mwezi. Ya kampuni imeshinda. Lakini ile ya kawaida ikivuka miezi saba, mambo yanageuka, na kwa anayebeba mtu mmoja mmoja kwenye lami kuvuka miezi saba si ajabu. Kwa hiyo siku ya kufunga, andika tarehe kwa rangi chini ya kiti. Baada ya jozi mbili utakuwa na takwimu zako mwenyewe. Wengi wana boda za mkopo wa kulipa kila siku, kama ule wa Watu, kampuni iliyoanzia papa hapa Mombasa, na kwao Sh 5,500 kwa mkupuo ni ngumu hata kama hesabu ya mwezi inaipendelea. Hao nawaambia wafanye tairi, kiti na bushi kwanza. Mara nyingi shokapu zilizoko zitaonekana zimepona.

Sasa ile hevi. Springi nene huwa nzuri ikibeba, na boda nusu ya safari zake harudi na abiria. Unampeleka mama wa watu Vyemani, unarudi mtupu mpaka feri. Shokapu iliyotengenezewa magunia haijui kwamba umebaki peke yako, inakurusha. Kipimo ni rahisi. Pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa na gurudumu la nyuma likining'inia, pima kutoka kwenye nati ya ekseli mpaka alama yoyote juu yake. Ishushe, kaa na mtu mwenye uzito wa abiria wako wa kawaida, pima tena. Ikiwa imelala kama sentimita 3, uko vizuri. Ikilala 1 tu, springi ni ngumu mno kwa kazi yako. Ikilala 6, kila shimo itagonga mwisho. Muuzaji anayekataa ujaribu hivyo mlangoni pake amekupa jibu pia.

Ile pete ya ngazi chini ya springi, yenye hatua tano kwenye shokapu nyingi, inaeleweka vibaya. Kuizungusha hakuifanyi springi kuwa ngumu. Springi ni ile ile, kilichobadilika ni kimo cha pikipiki na mahali springi inapoanzia kazi. Siku ya kubeba mzigo ipandishe pande zote mbili sawasawa, kesho ishushe. Ni bure, na wengi hawajaigusa tangu pikipiki itoke dukani.

Ukinunua, nenda na shokapu ya zamani mkononi. Pima kutoka tundu la juu hadi la chini, na upana wa tundu lenyewe, kwa sababu bolti za milimita 10 na 12 zinakaribiana kwa macho na bushi iliyolegea huanza kugonga wiki hiyo hiyo. Shokapu ndefu kwa sentimita mbili inainua nyuma, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na stendi haifiki chini vizuri.

Wapo wanaochomelea jozi ya pili, shokapu nne nyuma. Kwa muuza maji au wa kreti za mkate naelewa, ingawa moto wa kuchomelea hulegeza chuma cha mkono wa nyuma na ufa huanzia hapo hapo. Kwa anayebeba watu sielewi kabisa.

Kwa njia zenyewe: wa Likoni, ambaye akiacha lami ya Ukunda anakutana na mawe ya matumbawe na mchanga, atapata zaidi kwa sili nzuri za foki, oili sahihi, na jozi ya kampuni isiyo hevi, aoshe foki kwa maji baridi kila jioni, maana bahari iko jirani mno. Wa Kisauni, mwenye kabro, matuta ya mtaa kwa mtaa na madimbwi ya masika Mtopanga na Mshomoroni, aanze na presha na kiti. Jozi ya kawaida inamtosha, mradi aipime. Wa Changamwe ndiye mwenye kesi ngumu, kwa sababu mashimo ya Chaani na Bokole yana makali, na huwezi kuyakwepa wakati trela liko ubavuni. Yeye pekee ningemwambia alipe ya kampuni tangu mwanzo, na tairi la nyuma lenye nyuzi nyingi zaidi.

Wenye za umeme, ambazo Spiro ilianza kuzisukuma hapa Mombasa mwaka 2023, wasifungue chochote kabla ya kuuliza kampuni. Betri ni ya kwao na mkataba ni wa kwao, na shokapu ngeni inaweza kuwa sababu ya kukataliwa dai siku betri itakapoanguka. Kwao zimebaki presha na kiti, na kwa tofauti inayosikika hivyo viwili si haba.