Matandazo Hayatandazwi Mara Moja

Leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana kosa lililosemwa redioni lapaswa kusahihishwa redioni.

Dada yangu mkubwa anaishi karibu na Mafinga, wilayani Mufindi. Wakati wa kiangazi hulima nyanya na kabichi bondeni, na maji huyachota kwa ndoo kutoka kijitoni. Nyanya hizo ndizo zinazomnunulia mjukuu wake sare na madaftari. Mwaka juzi nilisema katika kipindi hiki kwamba anayelima kiangazi afunike matuta yake kwa matandazo. Dada alinisikia. Kwao matandazo hayatafutwi mbali, kwani shamba la miti la Sao Hill ni jirani, na chini ya misonobari, ambayo wengi wetu tunaiita paina, ardhi imejaa majani makavu, membamba kama sindano. Aliomba ruhusa, akakusanya magunia kadhaa, akatandaza. Kiangazi kile ndoo zilipungua.

Kiangazi kilichofuata, mwezi wa Oktoba, nilikwenda kumsalimia. Nilikuta nyanya zimejikunja majani, na matunda mengi yameoza kitakoni. Akaniambia, "Mdogo wangu, redio yako haikumaliza maneno."

Alisema kweli. Nilisema tandaza, sikusema rudia.

Tuanze na kazi ya matandazo. Udongo ulio wazi hukaushwa na jua na upepo. Ukifunikwa, unyevu hubaki, magugu hukosa mwanga wa kuotea, na matone ya mvua hayaupigi moja kwa moja. Majani ya paina yana sifa nyingine: husukana yenyewe kwa yenyewe, hivyo hata penye mteremko maji hayayachukui kwa urahisi. Tena huoza polepole.

Hata hivyo, huoza. Kuvu na wadudu wadogo huyala kwa chini, mvua huyagandamiza, kuku huyachakura. Baada ya mwaka, tabaka lililokuwa nene limebaki jembamba. Hasara haipo hapo, kwa sababu yaliyooza yamekuwa mboji, chakula cha udongo. Ila kifuniko kimekwisha, na jua limerudi kwenye udongo.

Kusini-mashariki mwa Marekani, katika majimbo kama Georgia, majani haya hufungwa robota na kuuzwa kwa ajili ya bustani za maua. Huko ni desturi kuongeza mara moja au mbili kwa mwaka. Wengine huongeza kwa sababu ya rangi tu: mapya yana rangi ya hudhurungi, ya zamani hugeuka kijivu. Mkulima wa nyanya asihangaike na rangi. Apime kwa vidole.

Ingiza vidole vyako kwenye matandazo mpaka viguse udongo. Kina kikiwa chini ya sentimita 5, yaani kama upana wa vidole vitatu, ongeza mpaka kifike sentimita 7 au 8. Ukianza kuona udongo, au magugu yakichomoza kila mahali, umekwisha kuchelewa. Lakini usizidishe. Tabaka likipita sentimita 10, manyunyu huishia juu na mizizi haipati kitu.

Je, uongeze lini? Kwa nyanda za juu kusini, ambako mvua huanza Novemba na kumalizika Aprili, wakati mzuri ni mwishoni mwa mvua, udongo ukiwa bado umelowa. Matandazo hayaleti maji, huyatunza yaliyopo. Ukifunika udongo uliokwisha kukauka, unatunza ukavu. Kama umechelewa, mwagilia kwanza, kisha funika. Dada yangu alikumbuka mwezi wa Septemba, akafunika vumbi.

Kabla ya kuongeza, legeza tabaka la zamani kwa reki, kwa sababu likishikana huzuia maji. Usiyachimbie majani makavu ardhini, kwani yakioza ndani ya udongo hushindania naitrojeni na mimea yako. Kama msimu uliopita mimea iliugua baka jani au mnyauko, ondoa matandazo yale yote na uweke mapya. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka kila shina, lisije likaoza au kuwa maficho ya mchwa. Na penye mbegu, ngoja ziote kwanza.

Wapo wanaoogopa kwamba majani ya paina huutia udongo uchachu. Mabichi yana uchachu kidogo, lakini yakitandazwa juu na kuoza, hayabadilishi udongo kwa kiasi cha kumtisha mkulima wa mboga. Cha kuogopa ni moto. Majani haya yana utomvu, na yakikauka huwaka upesi. Usiyatandaze karibu na ukuta wa jiko la kuni, wala usimwage hapo majivu yenye kaa.

Na msituni pia tusizoe yote. Majani yale ni matandazo ya miti yenyewe. Omba ruhusa kwa wenye shamba, chukua juu juu, acha tabaka la chini lilishe mizizi.

Mwaka huu, mwishoni mwa Aprili, nilimpigia dada simu kabla sijaingia studio. Nikamwuliza, "Dada, vidole vinasemaje?" Akanijibu, "Viwili tu, na gunia liko begani." Nikajua safari hii maneno yamemfikia yote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Tukutane wiki ijayo.