Choroa asiyetoka jasho

Aliyewahi kwenda kwa miguu kutoka Ndungu hadi Kihurio saa nane mchana, wakati wa kiangazi, analijua jua la upande ule wa milima ya Upare. Ng'ombe hugombania kivuli. Lakini huko nyikani Mkomazi choroa hukaa siku nyingi bila kunywa maji. Anawezaje?

Swali hilo lilimleta Afrika Mashariki Mmarekani C. Richard Taylor, aliyezaliwa mwaka 1939. Katika miaka ya 1960, huko Muguga nchini Kenya, aliwaweka choroa na pofu katika chumba cha joto, akapima pumzi zao, joto la mwili na maji waliyopoteza.

Sisi tukipata joto hutoka jasho, na jasho ni maji. Choroa mwenye kiu huyabana. Anauacha mwili upate moto, na Taylor aliona ukipita nyuzi 45 za Sentigredi, homa ya kumwua mtu. Mwili ukishakuwa na joto kuliko hewa, joto la nje haliingii tena. Usiku hutoka lenyewe, bila kugharimu maji. Ubongo nao? Damu iendayo huko hupita kwanza katika wavu wa mishipa myembamba, ikapozwa na damu itokayo puani. Tena mnyama huyo hupunguza hata chakula anachounguza mwilini, hivyo huvuta pumzi chache, na kila pumzi hutoka na mvuke.

Taylor alirudi Chuo Kikuu cha Harvard, akaendelea kupima wanyama wakikimbia juu ya mkanda unaozunguka, hadi alipofariki mwaka 1995. Afrika hakuiacha. Mwaka 1986 yeye, Profesa G.M.O. Maloiy wa Nairobi na wenzao walitangaza jambo ambalo mama zetu hawakuhitaji kuambiwa. Waliwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kipajini. Mzigo usiozidi moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea pumzi hata kidogo. Ukizidi hapo, gharama ilipanda.

Sasa tupige hesabu. Mama wa kilo 60 anasamehewa kilo 12. Ndoo yake ya maji ina lita 20, yaani kilo 20. Nane zilizobaki anazilipia kwa pumzi zake, na vipimo vile vilifanywa tambarare, si kwenye njia ya kupanda mlimani.