Je, Wajua? Jalada Lilitangulia Hadithi
Katika majarida ya katuni ya DC yaliyohaririwa na Julius Schwartz nchini Marekani, mara nyingi jalada lilichorwa kabla ya hadithi kuandikwa. Mchoraji Carmine Infantino (1925–2013) aliumudu vyema utaratibu huo. Jalada lake la The Flash namba 123, la Septemba 1961, linaonyesha mashujaa wawili wenye jina moja wakikimbia, kila mmoja upande wake wa ukuta, kumwokoa mtu yuleyule. Wapo wasemao jalada ni tangazo tu. Kweli, lilikusudiwa kuuza. Lakini tangazo hunadi bidhaa iliyokwisha kutengenezwa, ilhali mchoro wa namna hii ulimwachia mwandishi fumbo la kufumbua. Basi mchoraji huyo ahesabiwe mtunzi mwenza wa hadithi, si mpambaji wake.