Mshauri nasaha asiishie kwenye nadharia moja

Wengi wetu neno ushauri nasaha tulilisikia kwanza kwenye vituo vya kupima virusi vya UKIMWI. Ndiyo maana wapo wanaodhani kazi ya mshauri ni kuzungumza kwa upole na kumtia mtu moyo, na kwamba mwenye busara na ucha Mungu anaiweza. Busara ni lazima, lakini haitoshi. Leo tutaangalia kwa nini mshauri anatakiwa azisome nadharia mbalimbali za ushauri, kwa mfano wa maradhi yanayowasumbua Waislamu kimya kimya: waswasi wa udhu.

Huenda mtu wa namna hii unamjua. Anaanza kutawadha kabla ya adhana, jamaa wanamaliza swala naye bado anaosha. Mkono ameuosha mara saba, anahisi pana mahali maji hayakufika, anaanza upya. Ndoo tatu zinakwisha. Ngozi ya vidole inachanika, fangasi wanaingia. Usafi wenyewe umegeuka ugonjwa. Na anajua kabisa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu ya maji, kiasi cha kujaza viganja viwili. Elimu anayo. Kinachomshinda ni hofu.

Mpeleke kwa mshauri aliyesoma nadharia ya Carl Rogers peke yake. Huyu Mmarekani, ambaye kitabu chake mashuhuri kilitoka mwaka 1951, alifundisha kuwa mshauri asikilize kwa dhati bila kuhukumu, na mteja mwenyewe ataiona njia. Kwa mjane aliyefiwa juzi sijui kama ipo bora zaidi. Lakini mwenye waswasi atasikilizwa miezi sita na bado anaosha. Mpeleke kwa mfuasi wa Sigmund Freud, ataulizwa habari za utotoni na za wazazi wake. Ataondoka akijijua zaidi, na ndoo ni zile zile tatu.

Na asiye na nadharia yoyote? Huyu anaweza kudhuru bila kukusudia. Atamwambia, "Ndugu yangu, udhu wako ni sahihi, usihofu." Mgonjwa anatulia kidogo, kisha anarudi kuuliza. Kila akithibitishiwa, waswasi unapata chakula. Hata mke anayemshikia kopo na kumhesabia anaulisha ugonjwa ule ule, maskini, akidhani anasaidia.

Inayofaa hapa ni nadharia ya tabia. Mwaka 1966 Victor Meyer, akiwa Uingereza, alieleza alivyowatibu wagonjwa wawili wa aina hii kwa kuwakabilisha na wanachokiogopa huku wakizuiwa kurudia matendo yao. Hofu hupanda, kisha hushuka yenyewe bila maji. Kwa mgonjwa wetu maana yake ni kopo moja, kisha aingie kwenye swala na shaka yake kifuani. Siku za mwanzo atataabika, hivyo mshauri humpandisha hatua kwa hatua, kwa ridhaa yake. Imamu naye anahitajika, amweleze kanuni ya fiqhi kwamba yakini haiondolewi na shaka. Amweleze mara moja, si kila siku, la sivyo nayo itakuwa chakula cha waswasi.

Wapo watakaosema hizi ni nadharia za makafiri. Malik Badri wa Sudan, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliwaonya wanasaikolojia Waislamu wasimeze kila kitu cha Magharibi, na bado mwenyewe alitibu kwa mbinu za tabia. Aliweza kuchagua kwa sababu alikuwa amesoma. Na kabla ya hao wote, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na nafsi ambamo waswasi ameutengea mlango wake.

Ukimpeleka mgonjwa kwa mshauri, muulize atatumia njia gani, na isipofaa ana nyingine ipi. Ikiwa hali imefikia mtu kushindwa kazi au kukaa msalani saa nzima, aonwe pia na daktari wa afya ya akili. Zipo dawa zinazopunguza waswasi, na hutumika pamoja na ushauri. Mikono iliyochanika ipakwe mafuta ya mgando usiku baada ya Isha, na sabuni kali aiache. Vidonda vyenye usaha viende hospitali.