D Maina Haina Msiba

Wimbo uleule ukihamishwa kutoka D meja kwenda D-flati meja, kwenye fidla hubadilika rangi. Kwenye kinanda hushuka tu. Tofauti hiyo imo ndani ya chombo, haimo katika ufunguo.

Nyuzi za fidla ni G, D, A na E, na zote nne zimo katika ngazi ya D meja. Mpigaji akibana D ya juu kwenye uzi wa A, uzi wa D ulio pembeni, usioguswa na uta wala kidole, hutetemeka kwa kuitikia, na mwili mzima wa fidla ukavuma. Ngazi ya D-flati haina hata mmoja wa nyuzi hizo. Kila noti hubanwa, nyuzi za jirani hunyamaza, sauti ikatoka kama imefunikwa kitambaa. Beethoven, Brahms na Tchaikovsky wote waliziandika konseto zao za fidla katika D. Mozart alikuwa mjanja zaidi: katika Sinfonia Concertante ya 1779 okestra hupiga E-flati, lakini viola ya solo hukazwa nusu toni juu na kuandikiwa D, ing'are peke yake.

Kutokana na mambo kama haya imezuka imani kwamba kila ufunguo una hisia yake, na D maina ndiyo yenye huzuni kuliko zote. Mjerumani Christian Schubart aliorodhesha tabia za funguo katika kitabu kilichotoka 1806, na orodha yake ingali ikitolewa kama cheti cha daktari. Vinanda vya enzi zake havikugawa nusu toni kwa usawa, kwa hiyo funguo zilitofautiana kweli. Vya leo huzigawa sawasawa. Hata noti ya A, ambayo vyombo hukazwa kwayo, imehama: uma wa sauti unaohusishwa na Handel hutoa mitetemo 422.5 kwa sekunde, ya leo ni 440. D maina ya Handel sasa iko jirani na C-shapu. Huzuni nayo ilihama?

Ushahidi mwingine uko kanisani. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kuhamisha ufunguo: mpigaji hubonyeza mara moja, vidole vikabaki kwenye C, kwaya ikaimba D-flati, na hakuna muumini anayebubujikwa machozi kwa ajili ya kitufe. Meja na maina ni suala jingine kabisa. Wanaoyachanganya masuala haya mawili ndio wasioishiwa maswali.

Basi kwaya ichague ufunguo kwa koo la soprano, si kwa hisia. Gitaa hupenda E, A, D na G. Wimbo ukiwa D-flati, kapo, yaani kibano cha shingo ya gitaa, ibane freti ya kwanza, vidole vipige C. Tarumbeta na saksafoni hupenda flati: bendi ikianza E, saksafoni ya alto husoma C-shapu yenye shapu saba. Wimbo upandishwe hadi F: gitaa lipige E juu ya kapo, alto isome D, tarumbeta isome G.