Kesho ya Wafaransa

Mimi husoma Kifaransa pamoja na Kiswahili, na siku moja lugha hizi ziligongana. Niliandika insha kuhusu nyanya yangu: alifariki Jumatatu, "demain" tukamzika. Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akauliza, "Kwani mtamzika kesho?" Darasa zima likacheka. Mimi nikanyamaza kimya.

Kumbe "demain" ni kesho ya kuhesabu kutoka leo. Ukisimulia yaliyopita, sema "le lendemain", yaani kesho yake. Vilevile "après-demain" ni kesho kutwa, lakini katika kisa sema "le surlendemain". Wiki ijayo ni "la semaine prochaine". Wiki iliyofuata ni "la semaine suivante". Mtondo wetu je? Wao husema tu "dans trois jours", baada ya siku tatu. Na maisha ya usoni, yale tunayoyasomea, ni "l'avenir".

Niliandika upya: "Le lendemain, nous l'avons enterrée." Safari hii mstari mwekundu haukuwapo.

Haya wenzangu, "à demain", tuonane kesho!